Mama Mkwe Hakugusa Kitanda

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu, na kila asubuhi nikichungulia chumbani kwake nilikuta kitanda kiko vilevile nilivyokiacha jana yake.

Shuka halina mkunjo. Mito imesimama. Kona nne za godoro zimekaa kama nilivyozikunja mwenyewe.

Mtu ameingia chumbani, amefunga mlango, na asubuhi tunamkuta ameshaoga na kuvaa. Sasa alikuwa analala wapi?

Msianze kuniletea habari za wachawi. Mke wangu kaniruhusu niandike haya kwa sharti moja tu, kwamba nisijifanye nilikuwa mwerevu. Sikuwa. Someni wenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtandikaji wa vitanda hotelini. Ndiyo, mwanaume mzima, na ndiyo, ni kazi. Wenzangu wananiita Kona, kwa sababu ya namna ninavyokunja kona za shuka. Kona yangu ukiichomeka chini ya godoro, mgeni atageuka apendavyo na shuka halitachomoka.

Nimetandika vitanda mpaka nikisimama mlangoni tu nakisoma kitanda. Namjua aliyelala na viatu. Nawajua waliogombana wakalala kila mtu ukingoni kwake. Kitanda hakina siri kwangu, au ndivyo nilivyokuwa najidanganya.

Sasa turudi kwa mama.

Mke wangu ni mtoto wa pekee. Mama yake alikuwa anaishi peke yake, mbali na sisi, na siku moja akateleza bafuni akakaa pale sakafuni mpaka jirani alipopita kuazima sufuria. Mfupa haukuvunjika, lakini mke wangu tangu siku hiyo hakuwa na amani. Simu asubuhi, simu mchana. Mama asipopokea, mtu hali chakula.

Tukamwomba ahamie kwetu. Akakataa. Tukamwomba tena, akatoa sharti.

"Nitakuja niangalie," akasema. "Usingizi ukinikubali hapo kwenu, nitabaki. Usiponikubali, narudi kwangu na msiniombe tena."

Umesikia hilo? Usingizi. Mimi nikacheka peke yangu. Mtu anakuja kunipima kwa kulala, wakati kulaza watu ndiyo kazi inayoniweka mjini.

"Mama kajifunga mwenyewe," nikamwambia mke wangu. "Huyu ameshahamia. Bado kuleta mizigo tu."

"Usimdharau mama yangu," akanijibu.

Chumba tulichompa kilikuwa stoo. Kulikuwa na feni isiyozunguka, mabegi matupu, na baiskeli ambayo kila mwaka nasema nitaitengeneza. Tukatoa vyote. Nikapaka rangi ya maziwa, nikaweka zulia dogo pale miguu inaposhukia asubuhi, na taa yenye mwanga wa njano. Taa nyeupe inafanya chumba cha kulala kionekane zahanati.

Kisha tukaenda kununua matandiko, na hapo ndoa ikatikisika kidogo.

Mke wangu alishika seti ya zambarau inayong'aa, ukipitisha mkono inateleza.

"Hii," akasema.

"Hii mtu akilala anaamkia chini. Mama keshateleza mara moja, inatosha."

"Basi ile ya maua makubwa."

"Chumba ni kidogo. Yale maua yatameza ukuta."

"Umekuja kununua shuka au kumchumbia muuzaji? Maswali gani hayo muda wote?"

Ni kweli niliuliza sana. Nilitaka pamba tupu, siyo ile ya kuchanganya inayoota vijipele ikifuliwa mara mbili. Wala usimwamini muuzaji. Chukua pembe ya shuka, ifumbate kiganjani, kisha iachie. Ikibaki na mikunjo, hiyo ni pamba. Ikifunguka yote kama haikushikwa, hiyo utalala nayo ukitoa jasho, na utamlaumu mwenye hali ya hewa.

Nikachagua mashuka meupe, maana weupe unaleta ubaridi. Juu yake duveti ya rangi ya haradali, pana, inayoanguka pembeni karibu iguse sakafu, ili ifiche miguu ya kitanda na yale mabegi matupu tuliyoyarudisha chini yake. Mito miwili ya kulalia, miwili ya kuegemea, na kamto kamoja ka mviringo ka urembo. Miguuni nikakunja blanketi jepesi la kijivu.

Nilipomaliza nilirudi mlangoni nikakitazama. Sisemi kwa kujisifu, lakini mimi mwenyewe nilisikia usingizi.

Mama akafika. Ni mstaafu wa shule moja ya bweni, mrefu, mnyoofu, anaongea taratibu na kila neno linafika. Akasimama mlangoni mwa chumba chake, akakiangalia kitanda kwa muda.

"Pazuri," akasema. "Kama hotelini."

Nikavimba kichwa. Mke wangu akanifinya kiunoni nisije nikaanza kueleza habari za pamba.

Asubuhi yake tukanywa chai pamoja. Mke wangu alipotoka kwenda kazini, mama akamsindikiza mpaka barabarani ili apitie sokoni. Zamu yangu huanza mchana, kwa hiyo nikabaki peke yangu nyumbani. Mikono ikaanza kuniwasha.

Najua mnachotaka kusema. Mkwe na chumba cha mama mkwe, wapi na wapi? Nakubali. Lakini mimi maisha yangu ya kazi ni kuingia vyumba vya watu wakiwa wametoka. Nagonga, nasubiri, naingia. Siku ile miguu ilinipeleka yenyewe. Nikagonga, nikasubiri, nikaingia.

Kitanda hakijaguswa.

Nikapiga magoti nikaangalia kona. Ni ileile. Duveti imeanguka sawasawa pande zote. Hata kale kamto ka mviringo kalikuwa katikati, kamesogea kushoto kidogo, kama nilivyokaacha.

Hakulala. Usingizi umemkataa siku ya kwanza tu.

Mwenye akili angeuliza. Lakini unamwulizaje mama mkwe, "Mama, mbona kitanda chako kiko vilevile?" Atakuuliza wewe umekionaje. Nikafanya kile ninachokijua. Nikatandua kila kitu, nikafua, nikaanika, nikatandika upya.

Nilijiambia tatizo ni rangi. Haradali inachangamsha, mtu mzima anataka kitu cha kumtuliza. Kwetu hatuna makochi ya maana, lakini matandiko ukifungua kabati yanakuangukia kichwani. Nikatoa mashuka ya krimu, foronya zenye vijiua vidogo, na duveti ya kijani kilichofifia. Nikasogeza pazia ili mwanga usipige kwenye mto.

Mama akarudi kutoka sokoni, akaingia chumbani, akakaa humo kimya. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Umejisumbua, mkwe wangu."

"Si usumbufu, mama. Jisikie uko nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua taulo, akaenda kuoga. Nikashangaa kidogo, kwa sababu alikuwa ameoga asubuhi.

Siku iliyofuata, kwenye chai, nikajikakamua.

"Mama, umelalaje?"

"Nimelala vizuri, mwanangu."

"Vizuri kabisa?"

"Kabisa."

"Godoro halikuumizi mgongo?"

"Godoro ni zuri."

Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Walipotoka tu, nikaenda kuangalia. Kitanda kiko vilevile. Tena safari hii niliona kona zimekuwa kali kuliko nilivyoziacha, nikafurahi kwamba mkono wangu unazidi kukomaa.

Ndiyo, nilifurahi. Niliwaambia sikuwa mwerevu.

Mchana nikiwa navaa viatu niende kazini, nikamkuta mama anasinzia kwenye kochi. Nikampigia mke wangu simu kwa kunong'ona.

"Mama yako anasinzia. Huyu usiku hakulala."

"Mama anasinzia baada ya kula tangu mimi sijazaliwa."

"Kitanda hakijaguswa, nakwambia."

"Umekionaje?"

Nikakohoa.

"Umeingia chumbani kwa mama?"

"Nimeingia kikazi."

Alikata simu. Lakini jioni aliporudi aliniuliza tena, polepole, kama nina hakika. Nikamwambia mimi kwenye mambo ya vitanda sikosei. Nikaona uso wake umebadilika, na nikajua kwamba hofu niliyokuwa nayo peke yangu sasa tunayo wawili.

Kazini nina mshauri. Tunamwita Mama Pasi, yeye ndiye anayenyoosha mashuka yote ya hoteli, na hakuna jambo chini ya jua asilokuwa na maoni juu yake.

"Wazee hawalali kwa rangi, Kona," akaniambia huku mvuke unamtoka kila upande. "Wanalala kwa uzito. Mpe blanketi zito."

Nikampa blanketi zito. Kitanda hakikuguswa.

"Basi ni ubaridi wa shuka. Mpe shuka la flana, lile lenye manyoya laini."

Nikampa flana. Kitanda hakikuguswa.

"Punguza mito. Labda inamtisha."

Nikapunguza mito. Nikairudisha. Nikabadilisha foronya. Nikageuza kitanda kichwa kikaelekea dirishani, nikakirudisha ukutani. Kila asubuhi wakitoka natandua, nafua, natandika kipya. Kamba ya kuanikia haikuwa na nafasi hata ya soksi, mpaka jirani akaniuliza kama tumefungua nyumba ya wageni.

Mama naye akawa na mambo yake. Alinunua sabuni ya kunukia sokoni, akanunua na nyingine. Nguo zake ambazo hata hazijavaliwa akazianika juani. Maneno yakapungua. Akiongea ni "ahsante" na "msijisumbue".

Kisha siku moja akamwuliza mke wangu mabasi ya kwao yanaondoka saa ngapi.

Mke wangu alinifuata jikoni akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akalia bila sauti ili mama asisikie.

"Anaondoka," akasema. "Akianguka tena, nani atamwokota?"

Nilimwambia haondoki. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye mpango, na mpango wenyewe sikuwa nao.

Kabla ya yote, nilitaka ushahidi. Nikachukua kifungo kidogo cha kijani, nikakiweka chini ya ukingo wa shuka la juu, karibu kabisa na mto, mahali ambapo mtu hawezi kuingia kitandani bila kukisogeza. Asubuhi nikafunua ukingo ule kwa vidole viwili. Kifungo kiko palepale, na matundu yake yameelekea nilikoyaelekeza.

Nikampigia Mama Pasi.

"Kona," akasema, "huyo mama si wa kawaida. Mpe ile ya maharusi."

Ile ya maharusi ni kitanda tunachowatandikia wageni waliotoka kufunga ndoa. Hicho hukitandiki hovyo. Nikaweka mashuka meupe niliyoyanyoosha mara mbili, duveti nene, na juu yake kitambaa cha velveti rangi ya zabibu kilichokatiza miguuni. Mito mitano imepangwa kutoka mkubwa hadi mdogo. Na katikati, kazi ya mikono yangu, bata maji wa taulo. Kifua mbele, shingo imejipinda, macho ni punje za pilipili manga.

Nikapiga picha nikamtumia Mama Pasi. Akanijibu kwa vikopa vyekundu vitupu. Nikaenda kazini napiga mluzi.

Kesho yake mama hakuja kunywa chai.

Tulimsubiri mpaka chai ikaota utando. Mlango wake ulipofunguliwa, alitoka amevaa nguo za safari, mkoba begani, begi mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wanangu, nawashukuru," akasema. "Nimekuja, nimeona. Sasa nirudi."

Mke wangu akaweka kikombe mezani.

"Mama, ulisema usingizi ukikukubali utabaki."

"Usingizi ulinikubali."

"Sasa nini?"

"Nyinyi ndio hamkunikubali."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Mama, nani hajakukubali?" Sauti ilinitoka ya kitoto kabisa.

Akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama sawasawa tangu siku ile ya kwanza.

"Tuseme ukweli, mkwe wangu, maana nikishapanda basi sitausema tena. Siku ya kwanza nililala fofofo. Nikaamka, nikatandika kitanda changu kama nilivyokikuta. Narudi kutoka sokoni, kitanda kimetanduliwa, mashuka yako kambani. Nikasema mimi mtu mzima, labda nimechafua bila kujijua. Nikajinusa. Nikaoga tena. Kesho yake nikatandika vizuri zaidi, ili usione kasoro. Narudi, kimetanduliwa. Kila siku mimi natandika vizuri kuliko jana, na kila siku wewe unatandua."

Mke wangu alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Mimi nimepokea wageni maisha yangu yote," mama akaendelea. "Shuka la mgeni natandua akishaaga. Wewe ulikuwa unaniaga kila asubuhi, na mimi najifanya sielewi kwa sababu nilitaka kubaki."

Nilitaka kusema mengi. Nilichoweza kusema ni hiki:

"Zile kona ulikuwa unakunja wewe?"

"Kona zina nini?"

"Ni zangu, mama. Hakuna mtu anayezikunja vile."

"Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka nimestaafu. Vitanda nimekagua hadi nikiota naviona. Kona yako niliifunua mara moja, nikaijua."

Nilijua alifanya kazi shule ya bweni. Lakini kwa jinsi anavyopika, siku zote nilidhani alikuwa jikoni. Sikuwahi kumwuliza, na nimemwoa binti yake.

"Na kifungo?" nikauliza.

"Kile cha kijani? Nilidhani ni urembo wa hotelini. Nikakirudisha palepale."

Mke wangu akaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha sikujua tena ni kipi. Mama alimwangalia bila kuelewa, halafu akanigeukia mimi.

"Lakini jana umenishinda. Mito nitairudisha. Velveti nitairudisha. Huyo bata nikimvunja, nitamrudishaje? Nimekaa kwenye kiti mpaka kumekucha, natazamana naye. Nikasema, basi, leo wamepata njia ya kuniambia nisilale."

Hebu fikirini. Siku zote ambazo nilikuwa nalia kwamba mama halali, mama alikuwa analala. Siku pekee ambayo hakulala ni ile niliyomtandikia kitanda bora kuliko vyote nilivyowahi kutandika. Nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mama," nikasema, "nilikuwa naona kitanda kimenyooka, nikajua hujalala. Nikabadilisha matandiko ili nipate utakayoyapenda. Ningekikuta kimevurugika hata mara moja, ningeruka kwa furaha."

"Mimi nikinyoosha ili uniache."

"Na mimi nikiona kimenyooka, nazidi kutandua."

Kisha nikasema lile ambalo nilipaswa kulisema siku aliyofika.

"Nilitaka ubaki. Mimi kusema maneno mazuri sijui. Nikimpenda mtu namtandikia."

Mama akashusha begi chini. Hakulia, yeye si mtu wa kulia, ila alipitisha kiganja kwenye meza kama anafuta makombo ambayo hayapo.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Jembe hamkunipa. Sipiki, mnasema nipumzike. Sifui, mnasema nipumzike. Kile kitanda ndicho kitu pekee humu ndani nilichokuwa nafanya kwa mikono yangu, na kila siku unakuja unakivunja."

Nikamwomba msamaha, siyo wa mdomoni, ule wa kuinama.

Akavuta kiti akakaa.

"Nikibaki, kile chumba huingii tena."

"Siingii, mama."

"Matandiko nachagua mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Na huyo bata mtoe. Ananitazama vibaya."

Nikamtoa bata.

Mchana ule niliomba ruhusa kazini, tukaenda dukani wote watatu. Mama alipita kwenye pamba zangu tupu, akapita kwenye rangi zangu za kutuliza, akaenda moja kwa moja hadi nyuma kabisa ya duka. Akasimama mbele ya blanketi la manyoya lenye kichwa cha simba, kikubwa, mdomo wazi, manyoya ya dhahabu, mandhari nyekundu.

"Hili," akasema.

Kama hujui, lile blanketi linapigana na kila kitu. Linapigana na ukuta, na pazia, na zulia. Nilifungua mdomo, mke wangu akanikanyaga mbele ya watu.

"Ni zuri, mama," nikasema.

"Najua," akajibu.

Siku chache baadaye nilikuwa napita ukumbini asubuhi, mlango wa chumba chake uko wazi. Sikuingia, nilisimama tu. Simba alikuwa amejikunja kama aliyegongwa na gari. Mto mmoja uko chini. Miwani iko kwenye mikunjo ya shuka, kanga imetupwa upande wa ukutani, na redio ndogo iko mahali pa kichwa. Kwa miaka yangu yote ya kazi, sijaona kitanda kimevurugika namna ile.

Mama alikuwa uani anaongea kwa simu na jirani yake wa zamani, yule wa sufuria.

"Ile nyumba tafuteni mpangaji," nikamsikia anasema. "Hapana, sirudi tena. Nipo nyumbani. Leo nimeamka jua lishapanda, kitanda chenyewe hata sijatandika."

Nilisimama pale ukumbini nikasikiliza mpaka akakata simu. Kisha nikauvuta mlango taratibu, nikaenda kumwambia mke wangu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayemwandalia mtu chumba, chagua pamba, chagua rangi ya kutuliza, panga mito upendavyo, hayo yote ni mazuri. Ila ukimaliza mwulize anapenda kulala vipi, halafu mwachie kitanda chake akivuruge mwenyewe. Mimi sikuuliza, na kidogo nimfukuze mama wa watu kwa mashuka safi.